Diski ya breki iliyong'ang'ania: nyundo au bolti?

Gari lililopita masika kadhaa kwenye tope la Kigoma, diski yake ya breki hushikana kwa kutu na habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Njia zote mbili huanza hivi: gari juu ya stendi, kalipa (kifaa kinachobana diski) ifungwe kwa waya isining'inie kwenye mpira wake wa breki, mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka habu, dakika 15. Diski ya nyuma, achia hendibreki kwanza.

Nyundo haina gharama. Piga kati ya stadi (bolti zinazoshika gurudumu), ukizungusha diski. Ubaya wake ni beringi: pigo zito huiumiza, na kelele utaisikia baadaye barabarani. Kama diski inatupwa na beringi inabadilishwa pia, nyundo inatosha kabisa.

Bolti ni za upole zaidi: zikikazwa kwenye matundu ya diski, huisukuma itoke kwenye habu. Diski nyingi za Toyota zina matundu mawili ya bolti za M8 (unene wa milimita 8), pichi 1.25, yaani nafasi kati ya hesi ni milimita 1.25. Pake bolti grisi, kaza kwa zamu, nusu mzunguko kila moja. Ukikaza moja peke yake, diski inakaa upande na hesi inakatika. Anayetaka kuirudisha diski ileile achague hizi. Tundu lililoliwa na kutu halifai. Hapo nyundo ndiyo iliyobaki, ya mpira kwanza.

Kabla ya kufunga, sugua habu kwa brashi ya waya. Kutu ikibaki, usukani utatetemeka ukikanyaga breki.