Tathmini: Huduma ya Ushawishi wa Sera kwa Vyama Vidogo, Mombasa

Chama chetu cha wenye tuktuk, ambacho wanachama wake wengi wako Kisauni na wachache Nyali, kilipopata fununu kwamba Mswada wa Fedha wa kaunti ungekuja na nyongeza ya ada za maegesho, kamati iliamua kuajiri kampuni ya washauri wa sera iliyo katikati ya mji. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa nina sifa za kuitolea na malalamiko pia. Tuliuziwa mafunzo ya siku moja kwa viongozi wa chama pamoja na uandishi wa memoranda, yaani maoni ya maandishi, ya kupelekwa Bunge la Kaunti, vyote kwa shilingi 60,000. Kando yake iliandikwa huduma nyingine ya shilingi 45,000, iliyoitwa "kufungua milango", bila maelezo yoyote.

Sehemu kubwa ya asubuhi ya mafunzo ilihusu majimbo ya Marekani, na wenzangu kadhaa walinung'unika kwamba hawakuacha vyombo vyao barabarani ili waje kusikia habari za Texas. Mimi niliona faida. Mkufunzi alieleza kwamba Bunge la Texas hukaa kikao chake cha kawaida mara moja tu katika miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140, na kwamba mbunge wa New Hampshire hulipwa dola 200 kwa kipindi chake chote cha miaka miwili. Mtunga sheria wa namna hiyo hana muda wala watafiti wa kutosha, kwa hiyo anayemletea hesabu zilizopangwa na kifungu ambacho tayari kimeandikwa ndiye anayesikilizwa, hata kama anafanya hivyo kwa maslahi ya waliomtuma. Michango ya kampeni ina uzito wake, lakini kazi ya kila siku ya mshawishi, yaani mtu anayewaendea watunga sheria kwa niaba ya kundi fulani, ni kumrahisishia mheshimiwa kazi. Majimbo yote 50 humtaka mshawishi wa kulipwa ajisajili. Sisi hapa hatuna sheria mahususi ya kusajili washawishi, na mpiga kura wa Mtopanga au Bamburi hana daftari la kutazama ili ajue ni nani aliyemwona mwakilishi wa wadi yake kabla ya kura kupigwa.

Baada ya chakula cha mchana mafunzo yalirudi kwenye mambo ya nyumbani Kenya, na hapo ndipo fedha zetu zilipopata thamani yake. Tulipewa kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka hazina ya kaunti kuwasilisha Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaotoa mwelekeo wa bajeti ijayo, kufikia tarehe 28 Februari, na inataja waziwazi kwamba maoni ya umma na ya makundi yenye maslahi yazingatiwe wakati waraka huo unapoandaliwa. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili, na Mswada wa Fedha wenyewe hutakiwa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi. Vyama vikubwa vya wenye viwanda, wenye hoteli na wasafirishaji vina watumishi wa kufuatilia tarehe hizi mwaka mzima, ilhali vyama kama chetu huamka tangazo la kukusanya maoni linapotoka gazetini, kama abiria anayefika Likoni feri ikiwa imekwisha kung'oa. Ibara ya 196 ya Katiba inalilazimu bunge la kaunti kuushirikisha umma, na haki ya kupeleka ardhilhali ipo pia, lakini haki hizo humfaa zaidi anayejua zitumike lini.

Mifano iliyotolewa ilikuwa ya hapa hapa Pwani, na ilichambuliwa bila woga. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, majani ya kutafunwa yaliyo jamii ya miraa. Viongozi wa Embu na wakulima wa huko wanaoilima hawakuja kubishana na wawakilishi wetu wa wadi 30, bali walikwenda Ikulu na mahakamani, na muda si mrefu marufuku hiyo ilikuwa imesimamishwa. Mtu anaweza kuichukia muguka, nami ni mmoja wao, na bado akakubali kwamba kundi lile lilijua mlango gani wa kubisha. Mfano wa pili ulikuwa amri ya mwaka 2019 ya kusafirisha makasha ya bandarini kwa reli ya kisasa (SGR) hadi bara, badala ya kuondolewa Mombasa. Wasafirishaji, watetezi wa haki na wakazi waliandamana na kushtaki, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaibatilisha amri hiyo, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa. Hata hivyo, tangazo la kurejesha shughuli za uondoaji wa mizigo Mombasa lilikuja Septemba 2022, kutoka kwa rais aliyekuwa ameahidi hivyo katika kampeni. Mkufunzi alipita juu ya jambo hili haraka mno. Nilitamani akae hapo, kwani linaonyesha hukumu ilikofikia na kura ilikoanzia.

Memoranda ilianza vibaya. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya nzima kuhusu leseni za hoteli, bila shaka masalio ya mteja mwingine. Tulipoirudisha, alipewa kijana mwingine aliyekuja hadi stejini, akauliza hesabu ambayo dereva humletea mwenye chombo kwa siku, bei ya mafuta, marejesho ya mkopo na siku ambazo chombo hulala gereji. Malalamiko yetu yakawa jedwali la ukurasa mmoja, na chini yake pakawa na maneno mbadala ya kifungu kile kile, yanayoruhusu ada ilipwe kwa mwezi. Waliotuhoji katika kikao waliuliza maswali karibu yote kutoka kwenye ukurasa huo. Nyongeza haikufutwa, ila malipo ya mwezi yalikubaliwa, jambo ambalo tusingelipata kwa kelele.

Huduma ya "kufungua milango" hatukuinunua. Tulipouliza fedha hizo zingekwenda wapi, tuliambiwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Kampuni inayofundisha asubuhi kuhusu uwazi haipaswi kujibu hivyo jioni, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhusu anayetoa pamoja na anayepokea. Kwa hili ninaipunguzia alama bila kusita: tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya kalenda na yule kijana wa jedwali.

Chama kitakachowatumia kiagize orodha ya kazi iliyoandikwa, kikatae mstari wowote usio na maelezo, na kiwaone kabla ya Desemba, maana Waraka wa Februari huandaliwa wakati wengi wetu tuko kwenye biashara ya sikukuu.