Greda la Zamani Lisilo na Giaboksi: Ununue Ipi?

Greda lililong'olewa giaboksi lina taabu kuliko greda lenye giaboksi mbovu. Mbovu ikiwa bado imefungwa, fundi anaona namba yake, anaona mipira ya oili inakopita na jinsi mikono ya gia inavyoshikana nayo. Ikishaondoka, mara nyingi huwa imeondoka na shafti, pampu, mabano na boliti zake. Kwa sababu hiyo nimepanga machaguo yafuatayo kwa kuangalia kwanza ni vitu vingapi vidogo mnunuzi ataachiwa avitafute mwenyewe, kisha ndipo bei.

Nachukua mfano wa Caterpillar 140G, ambalo bado linachonga barabara nyingi za changarawe. Giaboksi yake ina gia 6 za mbele na 6 za nyuma, ilhali 140H, lililolifuata mwaka 1995, lina 8 za mbele na 6 za nyuma. Kufanana kwa majina kusikudanganye. Kabla ya kumpigia muuzaji yeyote, nakili namba yote ya mashine kutoka kwenye kibao chake, pamoja na herufi za mwanzo kama 72V, kwa kuwa hizo ndizo zinazotambulisha toleo.

Chaguo la kwanza kwangu ni kununua greda zima la toleo hilohilo, ambalo injini yake imekufa au fremu imepasuka, ukalikata spea. Utapata kila kilichofungwa kwenye giaboksi, na utaweza kupiga picha kila mpira kabla ya kuufungua. Ikiwa injini bado inawaka, liendeshe oili ikiwa ya moto, gia moja baada ya nyingine, mbele na nyuma. Giaboksi ya 140G haina toki konveta, yaani kile kifaa cha oili kinachokaa kati ya injini na giaboksi na kulainisha nguvu. Nguvu ya injini hupita moja kwa moja kwenye diski za klachi, na dereva aliyezoea kushikilia pedali ya kushoto nusunusu huwa amezichoma taratibu kwa miaka. Gia inayochelewa kushika itakueleza habari zake.

La pili ni giaboksi iliyofanyiwa ukarabati na wakala, yenye dhamana. Kwa kazi ni bora kuliko zote, ila mfumo huo hutegemea urudishe ile ya zamani, na wewe huna. Amana inayotozwa kwa ajili yake haitarudi. Uliza kiasi hicho mapema, na uliza pia kama pampu na vali za kubadilishia gia zimo.

La tatu ni giaboksi moja iliyotumika, kutoka yadi za hapa nchini au za Sharjah, huko Falme za Kiarabu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Niliwahi kufungua moja iliyopakwa rangi mpya ya njano, ikang'aa kweli. Tulipofungua tapu ya chini, yaani kizibo cha kumwagia oili, yalitoka kwanza maji ya kutu, kisha oili nzito kama uji, kwa sababu tundu moja la juu liliachwa wazi mvua ikinyesha. Toa tapu mbele ya muuzaji, nusa oili kama imeungua, kisha kata filta na utandaze karatasi yake juani: chembe za shaba ni diski, vipande vya chuma ni beringi au meno ya gia.

Kununua gamba tupu la giaboksi na kulijaza spea kunamfaa mwenye fundi aliyewahi kuifungua giaboksi hiyohiyo. Kufunga giaboksi ya lori sikushauri kabisa, maana greda huchonga kwa mwendo mdogo sana chini ya mzigo mzito, na linahitaji gia nyingi za kurudi nyuma.

Chochote utakachonunua, safisha kipoza oili na mabomba yaliyobaki kabla ya kukifunga, kwa kuwa takataka za ile ya zamani zimelala humo. Jaza oili ya daraja la TO-4, ambalo ni daraja la Caterpillar la oili ya giaboksi, na baada ya saa chache za kazi, kata filta ya kwanza uitazame.