Kompyuta ya mtumba iliyosahau mipangilio ya skrini kila asubuhi: uzoefu wangu

Kompyuta ninayoizungumzia ni ya mezani, CPU nyembamba ya zile zinazotoka maofisini: prosesa ya Core i3 ya kizazi cha pili, RAM 4GB, Windows 10, pamoja na monita ya inchi 19. Niliinunua Kariakoo kwa ajili ya steshenari yangu, seti nzima shilingi 280,000. Kwa kuchapa barua, CV na kadi za michango inatosha kabisa, na naisifu mpaka leo. Tatizo lilikuwa skrini.

Karibu kila asubuhi nikiwasha, picha imerudi nukta (pikseli) 1024 kwa 768. Monita yenyewe ni pana, ya 1440 kwa 900, kwa hiyo picha inavutwa kujaza upana: herufi zinanenepa, duara linakuwa yai. Anayepanga kadi kwa macho anajua hasara yake, maana unachokiona si kinachotoka kwenye printa. Nikiirudisha 1440 inakubali na kukaa hivyo mchana kutwa. Jioni nazima, nachomoa kila kitu na kuifungia monita stoo kwa usalama. Kesho yake, yale yale.

Fundi wa jirani alishika kidevu akasema, "Dada, hapo grafiksi imechoka, weka kadi nyingine." Sikuafiki. Kifaa kilichochoka kingenisumbua hata mchana, siyo asubuhi tu.

Nilianza na saa, kwa sababu nayo ilikuwa inarudi nyuma miaka kadhaa kila nikichomoa umeme, na tovuti nyingi zikagoma kufunguka kwa kuwa tarehe si sahihi. Hiyo ni betri ya CR2032, ile ya volti 3 iliyo bapa kama sarafu kwenye ubao mama. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, umeme ukiwa haupo. Niliweka mpya kwa shilingi 2,000 na tovuti zikafunguka. Skrini ikabaki na ugonjwa wake, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kumbe mipangilio ya skrini ya Windows haitunzwi na betri ile, inaandikwa kwenye diski.

Nikafungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vilivyomo kwenye kompyuta. Upande wa grafiksi iliandikwa Intel HD Graphics, kwa hiyo draiva, programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, ipo. (Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", tatizo lako ni draiva, acha Windows Update ikuletee.) Upande wa monita ndiko nilikopata jibu: "Generic Non-PnP Monitor". Maana yake kompyuta haijui imeunganishwa na monita gani.

Monita yangu inaungana na CPU kwa waya wa VGA, wenye nafasi 15 za pini. Baadhi hupitisha rangi, lakini ya 12 na ya 15 ndizo ambazo monita huzitumia kujitambulisha: mimi ni fulani, ukubwa wangu ni huu. Windows hutunza mipangilio kwa kufuata utambulisho huo. Usipofika, monita yako inapokelewa kama mgeni na kupewa mipangilio ya mgeni. Nilipokagua kichwa cha waya, pini ya 15, ya pembeni kabisa kwenye safu ya tatu, ilikuwa imelala. Ndiyo maana mara chache iliamka sawa: ilitegemea nimechomeka vipi asubuhi hiyo. Lakini nafasi ya 9 ikiwa tupu usishtuke, waya nyingi nzima ziko hivyo.

Waya mpya niliupata kwa shilingi 8,000. Maandishi yakabadilika kuwa "Generic PnP Monitor", nikaweka 1440 kwa 900, na tangu hapo nazima, nachomoa, nawasha, imetulia.

Kama yako inasahau kila kitu, hata faili uliloweka kwenye desktop, angalia karibu na saa kama kuna picha ya dubu. Hiyo ni Deep Freeze, programu inayowekwa kwenye kompyuta za maabara na intaneti kafe ili kila zikiwashwa zirudi zilivyokuwa. Bila nywila yake, dawa ni kupiga Windows upya.

Je, naipendekeza mashine ya umri huu? Kwa kuchapa, ndiyo, bila wasiwasi. Kwa mambo ya benki, hapana: Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Na ukiwa dukani usiridhike kuiona inawaka. Mwambie muuzaji aweke skrini kwenye ukubwa wake halisi, azime, achomoe umeme na waya wa monita, kisha awashe tena mbele yako, kwa waya ule ule utakaoondoka nao.