Karani wa korosho ndani ya Linux Mint: uzoefu wangu wa misimu miwili

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho hapa Mtwara. Sijawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichelewesha: kila niliyemuuliza kuhusu Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, alinijibu, "Hiyo ya madevelopa, dada, utahangaika bure."

Laptop yangu ni ya mtumba, RAM 4GB. Zamani nilikuwa naiwasha, nabandika chai, nakunywa, ndipo inafunguka. Lakini kilichonichosha ni virusi. Mwaka 2024, msimu ukiwa umepamba moto, nilipeleka flashi steshenari kuprinti orodha ya malipo. Kurudi ofisini, mafaili yote yamegeuka shotikati, na nje wakulima wamejaa wanataka kujua pesa za mnada.

Kijana wa jirani, ambaye kweli ni developa, alikuja na flashi yake yenye Linux Mint 22, aina mojawapo ya Linux, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Aliiwasha laptop kwa flashi hiyo bila kugusa diski, akaniachia niichezee. Wi-Fi ikashika, sauti ikatoka. Nikachomeka flashi yangu mbovu: mafaili yangu yote haya hapa! Kirusi kilikuwa kimeyaficha tu kwa alama ambayo Windows inaitii na Linux haiijali. Nikamwambia, mdogo wangu, ipige hii hii.

Chai sasa nainywa huku nafanya kazi. Kilo na stakabadhi za ghala naziingiza kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayofanya kazi kama Word na Excel. Ila faili moja la Excel lenye makro (amri za kujiendesha zenyewe) tunaloletewa linagoma kabisa, inabidi niazime kompyuta ya mhasibu. Printa nayo ilitusumbua siku mbili hadi kijana akapata draiva. Kama huna mtu wa kukusaidia karibu, jaribu printa yako kwanza kabla hujafuta Windows.

Hilo la kwamba Linux ni ya madevelopa nilimuuliza kijana mwenyewe. Akanionyesha namba mbili. StatCounter, wanaohesabu kurasa zinazofunguliwa, Februari 2024 waliipa Linux kama asilimia 4 ya kompyuta za mezani na laptop. Hawamuulizi mtu kazi yake. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, wao kila mwaka wanawauliza madevelopa, na mwaka 2024 zaidi ya robo walisema wanatumia Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kwa mambo yao binafsi. Watu wanaishika namba hii ya pili na kuigeuza. Ni sawa na kuwauliza wavuvi wa Mikindani kama wanakula samaki, halafu useme kila mla samaki ni mvuvi! Madevelopa wanaipenda kwa sababu seva nyingi wanazofanyia kazi, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti, ni Linux, hilo sibishi. Lakini hata simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na mama zetu wanazitumia kupokea pesa.

Kijana huyo amepiga laptop sita mtaani kwetu: yangu, ya mwalimu wa sekondari, ya dada wa saluni anayeangalia tamthilia, ya mwanafunzi wa chuo, ya kwake, na ya mwenye steshenari. Anayeandika programu ni yeye peke yake. Na tangu yule wa steshenari abadilishe, flashi yangu inarudi kama ilivyokwenda.