Sola ya wati 20 ya kutunza betri ya boti: paneli safi, klipu zake ovyo

Wenye spidiboti wa Amu mnajua, kusi ikishika na wageni wakipungua Shela boti inapandishwa juu inakaa, ukija kuishusha betri imelala haizungushi hata starta. Mie msimu huu nimeifungia seti ya sola ya wati 20 na kontrola yake, kile kidude cha kuongoza chaji, nimeinunua duka moja Malindi, na kwa kazi yenyewe nimeridhika.

Lakini muielewe kazi yenyewe. Hii si ya kujaza betri iliyokwisha, jua kali la saa sita inatoa ampea moja na ushee tu, betri ya ampea 100 utangoja wiki mbili tatu. Yake ni kurudisha kile betri inachopoteza ikikaa, maana betri ya maji hata ukichomoa waya zote inapungua yenyewe polepole na joto letu hili ndio linazidisha, ikikaa chini ya volti 12.4 muda mrefu sahani za ndani zinashika salfeti, yaani ukoko mweupe, ikigandia hapo hakuna fundi tena. Yangu nikiipima alfajiri kabla ya jua inasoma 12.7. Kontrola usiku inazuia umeme kurudi kwenye paneli, na betri ikijaa inashusha chaji hadi volti 13.6 hivi ili maji yasichemke.

Ubaya sasa. Klipu walizoweka ni bati tupu, upepo wa chumvi umezila zikashika kutu. Kata, weka vichwa vya pete vya kukaza na nati, paka grisi. Fyuzi hamna kabisa, na waya wa chanya lazima uwe nayo karibu na betri. Karatasi ya maelezo nayo haisemi uanze kufunga betri kwenye kontrola ndio paneli ifuate, wakati kontrola nyingi zinataka hivyo.

Paneli isipigwe na kivuli, hata cha mlingoti wa jahazi la jirani, kinapunguza sana. Na kunguru! Kila ukipita ifute, hawa ndege hawana adabu.

Boti ikiwa majini imetia nanga Mokowe na pampu ya otomatiki inatoa maji ya masika, wati 20 haitatosha, chukua 50. Fyuzi dukani kwao hawauzi, utapata kwa wauza spea za pikipiki.