Miezi mitatu katika nyumba ya watu: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua si kosa la familia.

Nilikwenda kujitolea nje ya nchi, shirika likanipangia kukaa na familia badala ya hosteli. Karatasi niliyotumiwa kabla ya safari ilikuwa na majina, anwani na umri wa watoto, basi. Haikusema kwamba chumba nitakachopewa ni cha binti yao mkubwa, na kwamba yeye atahamia kwa mdogo wake. Nililijua usiku wa kwanza nilipofungua kabati: rafu mbili zimeachwa wazi, zilizobaki zimejaa nguo zake. Kila asubuhi alibisha hodi, akachukua sare ya shule huku akiniomba radhi. Aliyestahili kuomba radhi ni mimi.

Siku za mwanzo nilijifanya mgeni kupita kiasi. Naoga saa nne usiku, kumbe bomba la bafuni linapita kwenye ukuta wa baba mwenye nyumba, ambaye saa kumi alfajiri yuko macho kwenda kazini. Wao waliona haya kuniambia, mimi niliona haya kuuliza. Siku ya nne nikamfuata mama jikoni, nikamwuliza yote kwa mkupuo: mwisho wa kurudi usiku ni saa ngapi, nguo nafulia wapi, nikichelewa nimpigie nani, vyombo nioshe au niache? Alicheka sana. Akanipa ufunguo wa mlango wa nyuma, uliokuwa ukining'inia pale kwenye msumari tangu nifike.

Lugha nayo! Masomo ya mtandaoni yalinifundisha kuuliza njia, hayakunifundisha kusema "nimeshiba" bila kumkera mpishi. Hilo nilifundishwa na kitinda mimba wao, mwalimu mkali asiye na huruma.

Sasa shirika. Mratibu aliahidi kuja wiki ya kwanza, akaja ya nne. Kiasi cha ada yangu kinachoifikia familia nilikijua baada ya barua pepe tatu. Ukitaka kwenda, uliza hilo kabla hujalipa, uulize pia chumba ni cha nani, na mkishindwana utahamishiwa wapi.

Mwezi wa pili binti aliacha kubisha hodi. Anaingia, anachukua sare yake, anatoka.