Pembe za Mombasa na Askari wa Dar: ipi inausema mji wake?

Pembe za Moi Avenue, zile sanamu kubwa za pembe za ndovu, kila mtu anazijua, hata asiyewahi kufika Mombasa. Zilisimamishwa 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, na leo ni za alumini. Zikipishana juu ya barabara zinachora herufi M, na watalii hawaishi kupiga picha chini yake. Kama alama, zimefaulu. Lakini zinamsema nani? Tembo si wa kisiwani. Pembe zake zilipita tu bandarini.

Sanamu ya Askari wa Dar es Salaam, pale barabara ya Samora, ni ya shaba nyeusi, tangu 1927. Alichukua mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa kikoloni wa Kijerumani. Askari naye aliwekwa na wakoloni, ni kweli. Ila uso ni wa Mwafrika, bunduki yake imeelekea bandarini, na maandishi yanawakumbuka hata wapagazi waliokufa katika Vita vya Kwanza, tena kwa Kiswahili, cha herufi za Kiarabu na za Kilatini. Mbele yake mimi husimama kila nikishukia Posta.

Kwa picha, Mombasa. Kwa kumbukumbu ya watu, namchagua Askari.